Ile mimea ya mistari inayotambaa bustanini: ni salama kwa mbwa, au ndiyo inamwasha huyu wangu?

MwenyePopi
Wakuu habari. Swali kwa wenye mbwa na bustani. Nyuma ya nyumba nimepanda ile mimea inayotambaa, jani lina mistari ya fedha juu na chini ni zambarau tupu, inashika ardhi haraka na inakubali hata kivulini ambako nyasi zilinigomea. Sasa nina mbwa anaitwa Popi, miguu mifupi, tumbo karibu liburuze chini, na jua likiwa kali anaenda kujilaza humo humo katikati ya majani. Tangu mimea ijae naona anajikuna balaa, tumboni kwekundu na vipele vidogo vidogo, halafu analamba nyayo mpaka manyoya katikati ya vidole yamekuwa rangi ya kutu. Mtu mmoja kaniambia ni sumu ning'oe yote leo leo, mwingine kasema ni viroboto tu. Nani mkweli? Sitaki kufumua bustani nzima kwa maneno ya kupita.

KirobotoSugu
Viroboto hao. Uzi ufungwe.

BintiMajani
Usifungwe kwanza. Mkuu hiyo uliyoielezea ni Tradescantia zebrina, asili yake Mexico. Ina ndugu zake wanaopandwa sana, kuna Tradescantia pallida ambayo ni zambarau mwili mzima na ua la waridi, na kuna Tradescantia fluminensis ambayo ni ya kijani inang'aa na ua jeupe la petali 3, hiyo asili yake ni Brazili huko. Hii ya kijani ndiyo yenye kesi nyingi za mbwa. Wenzetu Australia na New Zealand, ambako imekuwa gugu la kutisha, mbwa akija na tumbo jekundu moja ya maswali ya mwanzo ya daktari wa mifugo ni kama bustanini kuna huo mmea. Sio sumu ya kuua, ni aleji ya ngozi.

NyasiKavu
Aleji aleji, siku hizi kila kitu aleji. Mbwa wa zamani walikuwa wanalala vichakani na hawana neno.

BintiMajani
@NyasiKavu nani aliwakagua tumbo hao mbwa wa zamani?

NyasiKavu
😂 haya dada nimekaa pale.

FundiBomba
Mimi najua ule mmea una sindano. Sio sindano za kuona kwa macho, ni fuwele nyembamba za oksaleti ya kalsiamu ziko ndani ya shina na majani, ukivunja unatoka ute na ute ule unawasha. Hata mimi nikiung'oa mikono mitupu nawashwa mpaka kwenye viwiko. Kwa hiyo sio lazima mbwa awe na aleji, anachomwa tu kama mimi ninavyochomwa. Na mnavyojua oksaleti inaenda kwenye figo, mwambie aung'oe haraka kabla figo za Popi hazijaondoka.

Mwanamifugo
Hapo mwisho mkuu umepotosha, ngoja tuwekane sawa maana mtu atalia bure. Oksaleti ziko za aina 2. Kuna zile zisizoyeyuka, hizo ndizo fuwele za sindano, mbwa akitafuna zinamchoma mdomo na koo, anatoa mate, anajipangusa mdomo na miguu, pengine anatapika, basi. Haziendi kwenye damu kuua figo. Hizo ndizo ziko kwa wingi kwenye pothos na dieffenbachia za ndani ya nyumba. Halafu kuna zinazoyeyuka, hizo zikiingia kwenye damu zinashika kalsiamu na hapo ndipo figo zinaweza kupata shida, mfano majani ya rubabu (rhubarb). Na kwa wanaopenda mimea ya kutambaa, portulaca nayo iko kundi hilo la pili. Kwa hiyo kama ni figo unaogopa, hofia portulaca kuliko mistari ya zambarau ya huyu ndugu.

FundiBomba
Sawa dokta, lakini sindano umekubali zipo.

Mwanamifugo
Zipo. Ila sindano peke yake hazielezi kwa nini mbwa 2 wanalala kwenye majani yale yale, mmoja anajikuna mpaka anatoka damu na mwenzake yuko safi. Hapo ndipo aleji inapoingia. Mbwa anaweza kuishi na mmea muda mrefu sana bila neno, mwili unauzoea vibaya polepole, siku moja unaamua kupigana nao. Na aleji ya aina hii ya kugusa mara nyingi haitokei palepale, inakuja baada ya siku 1 hadi 3, ndiyo maana mwenye mbwa haunganishi. Leo kalala kwenye majani, keshokutwa anajikuna akiwa ndani kwenye zulia, wewe unalaumu sabuni ya zulia.

Mama_Tobi
Hapa mmenigusa. Tobi wangu ilikuwa hivi hivi, tumbo, kwapa, kwenye kinena na kidevu. Sehemu zote ambazo manyoya ni haba. Mgongoni safi kabisa. Niliambiwa angalia ramani ya mwili: kama ni kitu anachogusa chini, kitaandika tumboni na katikati ya vidole. Kama ni viroboto, wanaandika mgongoni kule karibu na mkia na nyuma ya mapaja. Mwenye Popi hebu tuambie mgongoni vipi?

KirobotoSugu
@Mama_Tobi sikatai lakini viroboto hawajasoma hiyo ramani yako. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto hata aumwe mara chache anaweza kuwashwa mwili mzima. Na ukimkagua usimwone hata mmoja kwa sababu mbwa anavyojilamba anawameza. Tafuta choo chao. Chukua kitana cha meno madogo, pitisha juu ya mkia, kile kiunga cheusi kama pilipili manga kinachodondoka kiweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Kikiyeyuka kikatoa wekundu wa kahawia, hiyo ni damu ya mbwa wako imeshapita tumboni mwa kiroboto. Kikibaki cheusi ni udongo.

MwenyePopi
Asanteni. Mgongoni kuna mikwaruzo kidogo karibu na mkia. Nimefanya ya kitana. Kuna punje zimetoa wekundu, sio nyingi, nyingine zimebaki nyeusi.

KirobotoSugu
NILISEMAJE

NyasiKavu
Leo hatulali humu.

BintiMajani
Punje kadhaa ndio zitengeneze tumbo jekundu lote hilo? Anaweza kuwa na vyote viwili jamani, kiroboto na aleji ya mmea, mbwa haruhusiwi kuumwa vitu viwili?

MzeeKobe
Nimesoma toka juu. Nyote mnagombania mmea au kiroboto, hakuna aliyefikiria kwamba mmea ndio nyumba ya kiroboto. Mabuu ya kiroboto hayapendi mwanga, yanataka kivuli na unyevu. Jani limefunika ardhi mwaka mzima, chini pako baridi na unyevu, mbwa anaenda kulala hapo kila mchana anadondosha mayai kutoka kwenye manyoya. Hiyo ni hoteli. Ukimpaka mbwa dawa na kuacha pale anapolala, umefukuza wageni hukufunga mlango. Kwa hiyo mmea unaweza kuwa na hatia hata kama utomvu wake ni maji ya kunywa.

BintiMajani
Mzee hii ni kali. Lakini kwa hoja hiyo basi kila mmea wa kutandaa una hatia, hata nyasi ndefu.

MzeeKobe
Ndiyo nimesema hivyo.

Shamba_la_Dirishani
Kuna kitu hamjauliza. Mwenye uzi, umepulizia nini kwenye hiyo bustani? Mbolea ya chengachenga? Dawa ya magugu? Sumu ya konokono? Maana ile mimea konokono wanaipenda kujificha na watu wanamwaga vidonge vya metaldehaidi, hivyo mbwa anavila kama biskuti na hiyo ndiyo kesi ya kukimbizana usiku, mbwa anatetemeka mpaka degedege. Aleji ya tumbo ni mchezo ukilinganisha.

MwenyePopi
Sijapulizia kitu. Mbolea niliweka ya samadi wakati napanda tu. Konokono wapo ila nawaokota kwa mkono.

NyasiKavu
Unaokota konokono kwa mkono na bado una moyo wa kuuliza kama jani linawasha 😂

Mama_Tobi
Mi nauliza hivi, yale manyoya kuwa rangi ya kutu ndio nini, ni ugonjwa mwingine? Tobi pia alikuwa nayo.

Mwanamifugo
Hiyo ni mate tu dada. Mate ya mbwa yana kemikali zinazoacha rangi hiyo, akilamba sana sehemu moja manyoya yanapakwa, kwa mbwa mweupe ndio inaonekana zaidi. Inakwambia analamba sana, haikwambii kwa nini. Ila sehemu inayolowa mate muda wote inakaribisha fangasi, wale wa jamii ya hamira, na wenyewe wanawasha kivyao. Harufu yake ni nzito, ya kuchachuka. Kwa hiyo hata ukiondoa kilichoanzisha, anaweza kuendelea kujikuna kwa sababu ya waliokuja nyuma. Ndiyo sababu nasema apelekwe akaonwe, daktari anagusa ngozi na kipande cha kioo au utepe, anaangalia kwenye hadubini, fangasi, bakteria na upele wa utitiri vinatafutwa hapo hapo badala ya sisi kupiga ramli.

FundiBomba
Kabla ya kukimbilia huko, ampake aloevera. Kata jani, paka tumboni, kesho yake mpya.

BintiMajani
@FundiBomba wewe leo umeamka na nini? Ile njano inayotoka chini ya ganda la aloevera mbwa akiilamba inamharisha na kumtapisha, na mbwa atailamba, hicho ndicho kitu anachofanya siku nzima kwa mujibu wa uzi huu.

FundiBomba
Nimesema ute wa katikati, sio ganda.

BintiMajani
Hukusema, panda juu usome.

Mwanamifugo
Na tukiwa hapo hapo, msimpake marhamu za binadamu zenye zinki, atalamba na zinki inamdhuru. Mafuta ya mti wa chai (tea tree) hapana kabisa. Na mtu asije akampa dawa zetu za maumivu eti anateseka, ibuprofen inachubua tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kitu cha usalama cha kufanya leo ni maji ya kawaida ya baridi. Akitoka kwenye majani mwoshe tumbo na nyayo, mkaushe vizuri katikati ya vidole. Utomvu ukiondoka mapema na mwasho unapungua.

SautiYaPaka
Samahani kuingilia, na paka je? Wangu anatafuna hiyo hiyo ya mistari dirishani.

Mama_Tobi
Ahaa watu wa paka wamefika.

BintiMajani
ASPCA, lile shirika la kulinda wanyama la Marekani, ile fluminensis wameiweka kwenye orodha yao ya mimea isiyofaa kwa mbwa, paka na farasi, na dalili waliyoandika ni muwasho wa ngozi. Paka akitafuna sanasana mdomo utamsumbua au atatapika. Kwake wewe ogopa mayungiyungi (lily) ya chombo cha maua, hayo ya kweli yanaua figo za paka, hata chavua akiilamba kwenye manyoya, hata maji ya kwenye chombo chake.

SautiYaPaka
Mungu wangu, ninayo mezani. Naenda kuyatoa.

NyasiKavu
Huyu katoka mbio. Uzi umeokoa paka, mbwa bado anajikuna.

Shamba_la_Dirishani
@BintiMajani lakini umesema wewe mwenyewe kesi nyingi ni za fluminensis, ile ya kijani. Ya mwenye uzi ni zebrina. Mnamhukumu mtu kwa kosa la binamu yake.

BintiMajani
Binamu wa damu, na utomvu wa zebrina unawasha watu kwenye ngozi, hilo linajulikana, FundiBomba ni shahidi. Mbwa aliyekwisha kuchukia mmoja kwenye ukoo ule simshangai akichukia mwingine. Kuna Callisia pia, ile yenye vijani vidogo sana inatambaa kama zulia, nayo inatajwa kwenye aleji za mbwa hizi hizi.

Shamba_la_Dirishani
Bado hujathibitisha.

BintiMajani
Mmea uko kwa Popi, akathibitishe yeye.

Mwanamifugo
Na namna ya kuthibitisha ipo na haihitaji mashine. Mtoe mbwa kwenye mmea kabisa, weka uzio au atembee upande mwingine, kwa siku 10 hadi 14. Usibadilishe kitu kingine chochote. Sio chakula, sio shampuu, sio kitanda. Akitulia, mrudishe kidogo uangalie siku 3 zinazofuata. Akiwaka tena, umepata jibu. Asipotulia kabisa, mmea unaachiwa huru na unaanza kutafuta viroboto, chavua, vumbi la ndani na chakula.

KirobotoSugu
Na kiroboto asubiri siku 14 anakula tu?

Mwanamifugo
Hapana, hapo kweli. Kama viroboto wameonekana watibiwe kwanza, halafu ndio ufanye jaribio la mmea. Moja kwanza, lingine baadaye.

MzeeKobe
Akumbuke vifukofuko vya viroboto vinakaa ardhini wiki nyingi vikisubiri mtikisiko. Ataona wapya wanaibuka atadhani dawa ni feki.

MwenyePopi
Nimerudi wakuu. Nimempa Popi dawa ya viroboto ya matone ya shingoni, na nimezungushia waya pale kwenye mimea haingii tena. Amepungua kujikuna sana, tumbo limeanza kufifia, usiku analala. Nyayo bado analamba.

KirobotoSugu
Dawa ya viroboto imefanya kazi. Karibuni.

BintiMajani
WAYA umefanya kazi.

Mwanamifugo
Mkuu, yaani nimeandika moja kwanza lingine baadaye, wewe umefanya yote siku moja.

MwenyePopi
Dokta, mbwa analia usiku, nianze kupanga ratiba ya majaribio? Nimefanya kila kilichokuwa mkononi na ningerudia tena. Mimi nataka apone, nyie ndio mnataka mshindi.

Mama_Tobi
Na yuko sahihi 👏🏾

NyasiKavu
Ila sisi tunataka mshindi kweli, nimekesha humu.

Mwanamifugo
Haya nakubali apone. Nyayo ndizo zinanipa wasiwasi wa fangasi, hizo zikaangaliwe. Ukitaka kujua kuhusu mmea, akishatulia kabisa na viroboto wakiwa wamedhibitiwa, toa waya siku moja.

FundiBomba
Kwani aendelee kuuweka wa nini? Ang'oe apande ile ya maua ya njano inayotambaa, mbwa wangu anagaragara humo kila siku.

Shamba_la_Dirishani
Njano ipi? Maana ziko 2 na watu wanazichanganya kila siku. Kuna Arachis pintoi, ndugu wa karanga, jani limegawanyika 4 na ua lake lina umbo la ua la maharage. Hiyo ni malisho ya mifugo kabisa, haina neno. Na kuna Wedelia, ua lake ni kama alizeti ndogo, jani nene linang'aa. Hiyo ya pili mbuzi wamewahi kupata shida nayo na inavamia kila kitu.

FundiBomba
Kama alizeti ndogo. Lakini mbwa wangu mzima kama chuma, na sio mbuzi.

MzeeKobe
Hiyo ya karanga ni nzuri ila nyuki wanaipenda. Mbwa anayefukuza nyuki kwa mdomo atarudi na pua ya kiboko.

BintiMajani
Dichondra basi, vijani vya duara, haikui juu, mbwa anakanyaga bila shida. Sehemu ya kivuli kidogo inakubali. Kivuli kizito kama alichosema mwenye uzi sidhani itajaa vizuri.

NyasiKavu
Kwa hiyo mmea pekee unaokubali kivuli chake ndio huo huo unaowasha. Dunia hii.

BintiMajani
Akiamua kung'oa lakini avae glavu na mikono mirefu, na asiufyeke. Shina lile kila kifundo ni mmea mpya, ukilikata vipande 20 umepanda 20. Unakunja kama mkeka kuanzia pembeni, unaokota mpaka vipande vya urefu wa kucha, halafu usitupe kwenye mboji, funga kwenye mfuko mweusi uache juani uoze. New Zealand ile ya kijani iliwashinda msituni mpaka wakaleta mbawakawa kutoka Brazili waitafune, walianza kuwaachia 2011. Wako wa majani, wa shina na wa ncha.

NyasiKavu
Mbawakawa wanawasha mbwa?

BintiMajani
Nenda kalale.

SautiYaPaka
Nimeyatoa mayungiyungi. Sasa mwenye uzi ukiing'oa hiyo ya mistari usiichome, nitachukua vipande vichache vya kuning'iniza juu, paka hafiki.

Mama_Tobi
Paka hafiki 😂😂 huyo paka umemleta jana?

MwenyePopi
Sijaamua kung'oa. Popi amejifunza kulala nje ya waya, ila pua ameipenyeza ndani. Nitaleta picha ya nyayo zikishaonwa na daktari.

KirobotoSugu
Lete na ya kitana.